Mkia mweupe, mistari miwili: kisa cha orodha ya ndege wa Rungwe

Niliombwa nitazame tahajia tu. Kijana mmoja anayeongoza wageni kati ya Tukuyu, Ziwa Ngozi na Mlima Rungwe alinijia jioni na laptopu ya kuazima, chaji imebaki asilimia kumi na mbili, viatu vimejaa tope.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mvua imekukutia wapi?"

"Kiwira. Tangu Kiwira mpaka hapa sijaona barabara."

Kambi moja ndogo wanakofikia wageni ilikuwa imempa kazi: kumbukumbu zao zote za ndege ziunganishwe ziwe orodha moja, ibandikwe ukutani na kuchapwa kwenye kipeperushi. Kumbukumbu zenyewe zilikuwa za aina tatu. Kulikuwa na madaftari ya zamani yaliyoandikwa kwa mkono na wageni wa enzi za filamu za kamera. Kulikuwa na rekodi za programu ya simu, ambazo ni safi na zina mahali na saa. Na kulikuwa na rundo la karatasi ambazo mgeni hujaza akiondoka, nyingi zikiwa na jina la Kiingereza peke yake, mara nyingine nusu ya jina. Kijana alikesha wiki nzima akizimwaga zote kwenye ekseli moja, akazipanga kwa familia. Mistari mia mbili na kitu.

Niseme mapema kwamba mimi nilifundisha Kiswahili sekondari. Ndege ni ugonjwa wangu wa Jumamosi, na darubini yangu ina kioo kimoja chenye ukungu. Nalisema hili kwa sababu baadaye kilichotutoa gizani kilikuwa sarufi.

Nilichokiona kwanza hakikuwa tahajia. Kulikuwa na rekodi ya *Elminia albonotata*, jina la kisayansi la mkamata nzi mmoja, na kwenye safu ya mahali imeandikwa: miti ya mtoni, miombo, barabara ya Chunya. Nikasimama hapo. Huyu ndege namfahamu. Nimemwona mara nyingi msituni juu ya Isongole, kwenye njia ya kupandia Ngozi, ukishayaacha mashamba ya viazi na kuingia kwenye migomba mwitu na mianzi. Ni mdogo, hafiki gramu kumi. Kichwa na koo ni masizi, kishungi kifupi kama nywele za mtoto aliyetoka kulala, mgongo wa kijivu, tumbo jeupe. Hakai akatulia. Anateremka kwenye tawi kwa ubavu, anaufungua mkia kama kipepeo cha jikoni, anaufunga, anageuka, anaufungua tena, na ukiwa wazi ndipo unaziona ncha nyeupe. Mdudu aliyejificha chini ya jani anashtuka na kuruka, na kazi imekwisha. Ni ndege wa msitu wa milimani, wenye unyevu na kivuli. Kwenye miombo ya njia ya Chunya, penye jua na nyasi kavu, angekuwa anatafuta nini?

"Labda alipotea," kijana akasema.

Inawezekana. Ila kabla sijamhukumu ndege kwa kupotea, huwa namhukumu mwandishi kwanza. Tukaanza kuusoma mstari mmoja mmoja, na mistari zaidi ya thelathini juu ya ule wa *Elminia*, ndani ya familia nyingine kabisa, nikakuta *Trochocercus albonotatus*.

Kwa msomaji ambaye majina haya ni kelele tu: jina la kisayansi lina vipande viwili. Cha kwanza ni jenasi, yaani ukoo, kama zilivyo zile Mwa- za majina ya Wanyakyusa. Ukikisikia unajua mtu anatoka upande gani. Cha pili ndicho chake mwenyewe. Kwenye orodha kamili, nyuma ya jina huandikwa pia mtaalamu aliyemweleza ndege huyo kwa mara ya kwanza, na mwaka. Kijana alikuwa mwangalifu, alinakili kila kitu mpaka hivyo. Mstari wa juu ulisomeka *Trochocercus albonotatus* Sharpe, 1891. Wa chini ulisomeka *Elminia albonotata* (Sharpe, 1891).

Mtu yule yule, mwaka ule ule, na maneno mawili yanayofanana kwa vyote isipokuwa mwisho.

Richard Bowdler Sharpe alikuwa mtaalamu wa ndege kwenye jumba la makumbusho la Uingereza, na alieleza ndege wengi wa Afrika. Haikatazwi mtu kueleza spishi kadhaa kwa mwaka mmoja. Ila kuzipa mbili maana moja, mwaka mmoja, zote wakamata nzi wa milimani wenye weupe mkiani? Hapo ndipo nilipouona ule mwisho: -us juu, -a chini.

Nikamuuliza kijana: "Kiti, ukikisifia kwa -zuri, utasemaje?"

Akanitazama kama nimechoka. "Kizuri."

"Na gari?"

"Zuri."

"Neno limebadilika?"

"Halijabadilika. Limefuata."

Ndivyo Kilatini kinavyofanya. *Albonotatus* ni kivumishi, kina maana ya aliyetiwa alama nyeupe. *Trochocercus* kwao ni jina la kiume, kwa hiyo kivumishi kinaishia -us. *Elminia* ni la kike, kivumishi kinavuta -a. Ni upatanisho wa kisarufi, ule ule tunaowachapia watoto kidato cha kwanza. Ndege akihamishwa jenasi, kivumishi chake kinabadili mkia kumfuata bwana mpya. Na yale mabano yanayomzunguka Sharpe si pambo: kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinataka jina la mwelezaji liwekwe ndani ya mabano pale spishi inapokuwa imetolewa kwenye jenasi aliyoiweka yeye. Mabano yanasema huyu alihama. Yasipokuwepo, yuko pale pale alipoandikwa siku ya kwanza.

Kwa hiyo mistari miwili ilikuwa ya ndege mmoja. Daftari la zamani lilimwita kwa ukoo wake wa zamani, simu ikamwita kwa mpya. Ekseli, ambayo haina macho, iliona herufi tofauti ikahesabu ndege wawili. Na kwa kuwa orodha ilipangwa kwa familia, yaani makundi ya jenasi zilizo karibu, mmoja alikaa Monarchidae na mwingine Stenostiridae, mbali kiasi kwamba hakuna ambaye angewaona kwa mtazamo mmoja.

Hapa niende polepole kidogo, kwa sababu kijana aliniuliza swali ambalo wageni wake nao humuuliza: kwani alifanya nini hata akahamishwa?

Kwa zaidi ya miaka mia moja, ndege hawa walipangwa kwa sura na tabia. Cabanis alitoa jina *Trochocercus* mwaka 1850, na chini yake wakakusanywa wakamata nzi wa Afrika wenye kishungi na mkia wa kufunguka. Bonaparte, mtaalamu wa ndege, mtoto wa ndugu yake Napoleon, alitoa jina *Elminia* mwaka 1854 kwa wale wa rangi ya samawati. Wote pamoja waliwekwa kwenye familia ya Monarchidae, jirani na yule mkamata nzi mwenye mkia mrefu wa kahawia tunayemwona kwenye bustani za Mbeya, *Terpsiphone viridis*. Ilikuwa na mantiki. Wana kishungi, wana mkia mrefu, wanacheza, wanakamata nzi. Ukiwaona, unasema hawa ni ndugu.

Tatizo la mkia wa namna hiyo ni kwamba ni chombo cha kazi. Ndege yeyote anayeishi kwa kuwashtua wadudu majanini atafaidika na mkia mpana wenye weupe, hata awe wa ukoo gani. Fundi seremala wa Uyole na fundi seremala wa Mafinga wote wana randa. Hatusemi ni ndugu kwa sababu ya randa. Lakini kwa macho peke yake hakuna namna ya kujua ni mkia upi umerithiwa na upi umetokana na kazi.

Mwaka 2002 Eric Pasquet na wenzake walilinganisha vinasaba vya hawa wa Afrika. Matokeo yaliupasua ukoo wa *Trochocercus* katikati. Wawili, *cyanomelas* na *nitens*, walikuwa kweli wa Monarchidae. Watatu wengine, akiwemo huyu wetu wa Ngozi, walikuwa ndugu wa *Elminia* ya samawati, na *Elminia* yenyewe haikuwa na uhusiano wa karibu na Monarchidae hata kidogo. Mwaka 2005 Beresford na wenzake wakawaunganisha na ndege mdogo wa Afrika Kusini anayeitwa *Stenostira scita* pamoja na *Culicicapa* wa Asia, na jina la familia likawa Stenostiridae. Baadaye akaongezwa *Chelidorhynx* wa milima ya Himalaya, ambaye naye alikuwa amewekwa kwenye ukoo usio wake kwa sababu hiyo hiyo ya mkia. Leo familia nzima ina spishi tisa tu, tano kati yake zikiwa *Elminia*. Ni familia ndogo yenye makazi ya ajabu: vichaka vikavu vya Karoo huko Afrika Kusini, misitu ya Afrika, na misitu ya Asia kuanzia India mpaka Ufilipino. Kijana aliposikia kwamba ndugu wa ndege wa Ngozi wako Himalaya na si pale bustanini kwao, alicheka mpaka akasahau chaji.

"Kwa nini basi jina *Trochocercus* lisihame naye? Yeye ndiye tunayemjua."

Swali zuri. Jenasi imefungwa kwenye spishi moja ya mfano, kama kamba kwenye kigingi. Kigingi cha *Trochocercus* ni *cyanomelas*, yule mweusi wa kung'aa wa misitu ya chini, anayepatikana Udzungwa na kushuka mpaka pwani. Alipobaki Monarchidae, jina lilibaki naye. Waliogundulika kuwa si ndugu zake ndio waliofungasha.

Kwa mtu wa Rungwe habari hizi zisiwe ngeni. Kipunji, yule nyani ambaye wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake muda mrefu kabla wataalamu hawajaamini kwamba yupo, aliandikwa mwaka 2005 kama *Lophocebus kipunji*. Mwaka uliofuata vinasaba vikasema si wa ukoo ule, akapewa jenasi yake mwenyewe, *Rungwecebus*. Karatasi iliyoandikwa 2005 na iliyoandikwa 2007 zinaweza kuonekana kama zinaongelea nyani wawili. Yeye alikuwa juu ya mti ule ule akila majani.

Sasa turudi Chunya, maana bado hatujamtoa ndege kwenye miombo.

Kuunganisha mistari miwili kuliondoa kosa moja. Kosa la pili lilikuwa limejificha chini yake, na hili ndilo lililonikera zaidi. Nilimwomba kijana anionyeshe karatasi yenyewe ya barabara ya Chunya. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya risasi: "White-tailed Flycatcher". Basi. Yeye alipoifikia, aliandika maneno hayo kwenye simu, simu ikamletea jina la kwanza, akalichukua. Karatasi kumi na moja zilikuwa na maneno hayo au yanayofanana nayo, na zote kumi na moja aliziandika *Elminia albonotata*.

Ila mkia mweupe kwa Kiingereza wako wawili huku kwetu. Yuko huyu wa kishungi, na yuko *Elminia albicauda*, mwenye rangi ya samawati. Wa pili alielezwa na Bocage, Mreno aliyeandika sana kuhusu ndege wa Angola, mwaka 1877, na tangu siku hiyo hajatoka *Elminia*, hivyo Bocage wake hana mabano. *Albicauda* ni mkia mweupe kabisa, nomino na sifa yake, haufuati upatanisho wa mtu. Kabla ya miaka ya 2000 hawa wawili hawakuchanganyikana kwenye vitabu, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na jenasi yake na kurasa zake. Uhamisho ule ule uliowaweka sawasawa kiukoo ndio uliowakalisha bega kwa bega kwenye orodha, majina yote yakianza na *Elminia alb-*. Kwenye kioo cha simu chenye mpasuko, albonotata na albicauda ni kitu kimoja.

Kwa macho hawafanani. *Albicauda* ana rangi ya shati la shule la samawati lililofuliwa mihula mingi, limebaki kama kumbukumbu ya rangi. Mkia wake ni mrefu, na weupe uko kwenye manyoya ya pembeni, unaonekana akiruka. Hapendi kiza cha msitu wa juu. Utamkuta kwenye miti ya kingo za mito, pembezoni mwa msitu, na kwenye miombo. Yaani hasa pale yule mgeni wa njia ya Chunya alipoandika.

Tukazimwaga karatasi kumi na moja mezani, mke wangu akaleta chai na viazi vya kuchemsha, tukaanza kuzitenganisha kwa kila kilichoandikwa mbali na jina. Saba zilikuwa rahisi: Ngozi, au msitu wa Rungwe juu kabisa, moja ikiwa na neno mianzi na nyingine kichwa cheusi. Hizo ni *albonotata* bila ubishi. Tatu zilikuwa za chini. Ya Chunya ilikuwa mojawapo. Nyingine mgeni alikuwa ameandika kwa herufi ndogo pembeni kwamba ni bluu hafifu, maneno ambayo kijana hakuyanakili kwa sababu ekseli yake haikuwa na safu ya kuyaweka. Ya tatu ilikuwa na mchoro. Si mchoro mzuri, ndege anafanana na kijiko, lakini mchoraji alikuwa ametia kivuli katikati ya mkia na kuacha pembeni peupe. Kijiko kile kilikuwa na thamani kuliko jina lililoandikwa juu yake.

Siwezi kumlaumu kijana. Jedwali alilopewa na kambi lilikuwa na safu za jina, familia, mwelezaji, mahali na tarehe. Hapakuwa na safu ya kile mtu alichokiona. Mwinuko nao haukuwepo, na kwa nchi inayopanda mpaka mita 2,960 hivi juu ya Rungwe, kuandika "Rungwe" bila mwinuko ni kama kuandika "sokoni" bila kusema soko gani. Jina likishahama au likichanganywa, kinachobaki cha kumwokoa ndege ni rangi, mti na mwinuko. Tukaongeza safu tatu, na ya nne ya jina kama lilivyoandikwa mwanzo, ili *Trochocercus* wa daftari la zamani asifutwe. Aliyeandika vile hakukosea. Aliandika jina la wakati wake.

Kuna wanaosema tatizo lote hili ni la wataalamu kuchezea majina. Sikubaliani nao, japo nawaelewa. Jina la zamani lilikuwa linadai undugu ambao haupo. Isitoshe, kuhama ndilo jambo jepesi: ukijua kwamba huyu ndiye yule, unabadilisha tu. Kigumu ni kupasuka. Mwaka 2006 Fjeldså, Bowie na Kiure walionyesha kwamba *Batis mixta*, mkamata nzi mwingine mdogo wa misitu yetu, ni spishi mbili, na wale wa safu za milima ya kusini, Udzungwa wakiwemo, wakapewa jina *Batis crypta*. Hapo daftari la zamani linalosema *Batis mixta* huwezi kulitafsiri kwa kubadili neno. Lazima uulize: alionekana wapi? Kijana alikuwa na rekodi mbili za namna hiyo kutoka kwa mgeni aliyepitia Iringa kabla ya kuja huku. Moja ilikuwa na jina la msitu, ikatatuliwa kwa dakika moja. Nyingine ilisema Tanzania, tukaiweka pembeni.

Ikabaki hesabu. Msimamizi wa kambi alikuwa ameshampigia kijana simu mara mbili akitaka kujua kama idadi itashuka, maana wageni hupenda namba na kipeperushi kilishaanza kupangwa. Tukahesabu. Tulikuwa tumefuta mstari mmoja, wa *Trochocercus*, kwa kuwa ni ndege yule yule. Tukaongeza mstari mmoja, wa *albicauda*, ambaye hakuwemo kabisa.

"Kwa hiyo jumla ni ile ile?"

"Ile ile."

"Mwalimu, siku nne?"

Sikuwa na la kumjibu. Ukweli ni kwamba kama tungetazama jumla tu, orodha ilikuwa sahihi tangu ilipoingia mlangoni. Ndege mmoja alihesabiwa mara mbili, mwingine hakuhesabiwa, na makosa mawili yakafichana.

Imebaki karatasi ya kumi na moja. Inasema Kiwira, kando ya mto, saa moja na dakika arobaini asubuhi, mkia mweupe, wawili. Hakuna rangi, hakuna mwinuko, hakuna kijiko. Kando ya mto pale kuna miti ya kutosha kumweka yeyote kati yao. Kijana alitaka tupige kura, nilikataa. Tumeiandika chini ya orodha, nje ya hesabu: *Elminia*, wawili, haijulikani ni yupi.

Jumamosi alichukua bodaboda akaenda mwenyewe, saa ile ile, na darubini yangu yenye ukungu. Alirudi ameloa mpaka soksi. Hakumwona mkia mweupe wa aina yoyote. Alimwona *Terpsiphone viridis* dume, mkia mrefu umeshikana kwa mvua kama kamba. Huyo tayari yumo, mstari wa 97, Monarchidae. Hajahama.